Maneno Matano ya Kipa

Kipa alianguka bila kuguswa na mtu. Mpira wenyewe ulikuwa umeshatoka mikononi mwake, umefika katikati ya uwanja, na macho ya watu yalikuwa huko ulikokwenda. Aliyemwona akianguka ni mtu mmoja tu, mwanamke mwenye begi jekundu begani, ambaye kazi yake ni kutazama wachezaji, mpira haumhusu. Kabla refa hajapuliza filimbi, mwanamke huyo alikuwa ameshafika golini, kapiga magoti kwenye nyasi, kashika kichwa cha msichana kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika yai.

"Usijitingishe, mama," alimwambia. "Niko hapa. Usijitingishe."

Msichana hakujitingisha, na hakujibu pia.

Hiyo ilikuwa Jumamosi alasiri, nusu fainali ya wasichana. Gari la wagonjwa likaja, mechi ikavunjika. Msichana ana miaka kumi na saba, na timu nzima inamwita Ukuta kwa jinsi anavyoliziba lango. Alilazwa chumba cha uangalizi, madaktari wakamlaza kwa dawa ili ubongo upumzike. Jumapili baba yake akaenda polisi kumshitaki yule mwanamke wa begi jekundu. Jumatatu asubuhi jalada likatua mezani kwa Inspekta.

Sasa, huyu Inspekta ni mtu mzito, mpole, ana goti bovu la kulia, na ana tabia moja inayowachosha wenzake kituoni. Wao wakipewa jalada wanalisoma. Yeye analifunga, anakwenda kuwasikiliza watu. Anasema karatasi haina sauti. Wenzake wanamcheka, lakini kesi ngumu zikija wanamsukumia yeye.

Akaanzia hospitali. Baba wa msichana alikuwa kwenye benchi la korido, seremala mwembamba, vumbi la mbao bado limemganda kwenye nyusi. Mbele yake kulikuwa na mlango wenye kioo, na nyuma ya kioo kitanda.

"Pole sana, Mzee," Inspekta alisema, akaketi taratibu kwa ajili ya lile goti.

"Amerara, afande," baba alijibu. "Tangu juzi amerara. Namwita haniitikii."

"Madaktari wanasemaje?"

"Wanasema reo mchana watapunguza dawa, tuone kama ataamka." Akajifuta uso kwa kiganja. "Yure mwanamke ndiye ariyemwumiza. Anajiita Dokta, wara si daktari! Vyeti vyake ni vya kununua, kawaurizeni. Mtoto arikuwa mgonjwa wa kichwa, yeye akamruhusu kucheza. Nimewaambia manesi, asikanyage humu ndani."

Maneno yalimtoka yamelowa machozi, na kila baada ya matatu alinyamaza kumeza mate. Inspekta, ambaye naye ana mabinti wawili, hakumharakisha. Aliandika alichoambiwa, akamshika bega, akaondoka.

Nje ya geti la hospitali kuna ukuta mfupi wa matofali. Juu yake alikuwa ameketi mwanamke mwenye begi jekundu mapajani. Mlinzi alimnong'oneza Inspekta kwamba yule dada hajabanduka pale tangu Jumamosi, isipokuwa kwenda kuoga na kurudi. Ameambiwa haingii, basi haingii, lakini haondoki.

"Wewe ndiye Dokta?" Inspekta alimuuliza.

"Ndivyo wanavyoniita. Umetoka ndani? Amefumbua macho?"

"Bado."

Dokta aliinamisha uso. Kisha akainuka. "Twende uwanjani, afande. Vitu vyangu vyote viko kule, utauliza unachotaka."

Chumba chake cha kazi kiko chini ya majukwaa: kitanda kirefu cha ngozi, jokofu la barafu, mikanda ya mpira ya mazoezi imetundikwa kwa rangi, na harufu ya dawa ya kuchua. Upande wa pili wa ukuta walisikika wasichana wakibadilisha nguo, lakini hakuna aliyekuwa akicheka. Inspekta alichagua kiti kigumu.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Lakini unaitwa Dokta."

"Kipa wangu anaitwa Ukuta. Umeshawahi kuona ukuta unadaka mpira?"

Inspekta alijizuia asicheke. "Basi wewe ni nani?"

"Mtaalamu wa tiba ya michezo. Nawaambia kila msimu, hakuna anayesikia. Mtu kateguka kifundo, analia, jina refu lote hilo atalimaliza saa ngapi?" Akaonyesha ukutani. "Vyeti ni vile. Shahada, miaka minne. Baada ya hapo nikapelekwa hospitali na viwanjani chini ya msimamizi, nikafunga vifundo mpaka vidole vikaota sugu. Halafu mtihani wa baraza la taaluma yetu, ndipo unapata leseni. Na leseni si ya maisha. Kila baada ya muda unarudi darasani, unapimwa tena kushtua moyo uliosimama, kumbeba aliyeumia shingo. Ukishindwa wanakunyang'anya."

Inspekta hakumwamini wala hakumkatalia. Alitoa simu, akatafuta namba za chuo na za baraza kwa njia zake mwenyewe, akapiga akiwa pale pale. Chuo wakathibitisha shahada. Karani wa baraza alichelewa kidogo, kisha akasema leseni iko hai na haina doa, na tafadhali afande, huyo dada ana shida gani, maana ndiye anayewafundisha wenzake siku za semina.

"Vyeti ni vya kweli," Inspekta alisema, akaweka simu mfukoni.

"Vyeti havijawahi kuninyima usingizi." Dokta alikuwa anakunja bandeji ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Leo saa kumi kamati ya timu inakaa. Hawataniuliza nilisoma wapi. Wataniuliza nani alimruhusu mtoto kucheza. Ni mimi. Wakinipeleka baraza, leseni imekwenda, na mimi sijui kazi nyingine. Watu wananiona na chupa ya maji wanadhani ndiyo kazi. Kazi yangu kubwa ni kusema hapana, leo huchezi, mbele ya watu ambao wote wanaomba niseme ndiyo. Safari hii nilisema ndiyo. Na hata kumwona siruhusiwi, afande. Hata kwenye kioo."

Akajifunika uso kwa ile bandeji. Inspekta alitazama mikanda ukutani mpaka mwenzake akapata nafasi ya kujifuta.

"Nieleze ulivyomruhusu," akasema kwa upole. "Tangu mwanzo."

Dokta akaeleza. Wiki kadhaa nyuma, mazoezini, Ukuta aliruka kudaka mpira akajigonga kichwa kwenye mlingoti wa goli. Dokta akamtoa palepale. Hospitali wakampiga picha, wakasema hakuna damu, apumzike. Lakini ubongo ukitikisika picha haionyeshi. Anayejua kama umetulia ni yule anayempima mtu siku baada ya siku.

"Unampimaje?"

"Namuuliza kichwa kinauma? Mwanga unamsumbua? Namsimamisha kwa mguu mmoja. Namwambia afuate kidole changu kwa macho. Halafu nampa maneno matano ayashike. Tunazungumza mambo mengine, baadaye namwambia, haya, nirudishie maneno yangu. Kichwa kilichoumia kinayamwaga."

"Aliyamwaga?"

"Mara ya kwanza alishika moja. Mara ya pili nikampa maneno mengine, akashika mawili, akatoka hapa analia mpaka kwikwi. Mara ya tatu akayataja yote, kwa mpangilio, bila kumumunya. Macho sawa, mguu mmoja sawa, kichwa anasema hakiumi. Nikaanza kumrudisha hatua kwa hatua: kutembea, kukimbia polepole, mpira mwepesi, mazoezi kamili. Kila siku namuuliza, kichwa? Ananiambia, hakiumi, Dokta."

"Nani walikuwepo ukimpima?"

"Mzazi, kwa sababu mtoto hajafika miaka kumi na minane, ndiyo utaratibu. Anakaa pembeni pale. Na siku ya kwanza Kocha alisimama mlangoni na saa yake mkononi, anauliza itachukua muda gani."

"Maneno ya mara ya tatu yalikuwa mapya?"

Dokta aliiweka bandeji chini. "Yalikuwa ya mara ya kwanza. Nikasema moyoni, kichwa ambacho siku ile hakikushika kitu hakiwezi kuwa kimeyaweka akiba. Nilikosea. Liandike hilo, sitalikana."

"Yataje. Na unitajie alivyojibu, neno kwa neno."

"Yalikuwa kalamu, ndoo, barua, shati, pete. Yeye akasema karamu, ndoo, barua, shati, pete. Nikacheka. Nikamwambia, karamu utaipata tukichukua kombe. Nikadhani ulimi umeteleza."

Inspekta aliandika kalamu, chini yake akaandika karamu, akayatazama. "Huwa anateleza hivyo?"

"Ukuta? Ndiye anayesoma matangazo ya timu kwenye kipaza sauti. Ulimi wake umenyooka kama rula." Akamtazama Inspekta akiinuka kwa kujiegemeza mezani. "Na wewe goti hilo ni la lini?"

"La zamani. Tumo kwenye kesi yako."

"Kesi yangu haitakuzuia kulala chali ukaunyoosha mguu asubuhi na jioni. Mzee mzima unatembea kama mlango uliochomoka bawaba!"

Inspekta alitoka akijikaza asichechemee, maana alijua anatazamwa.

Mtu wa pili kuhojiwa alikuwa kipa wa akiba, msichana mdogo wa umbo anayeitwa Kifaranga. Huyu alistahili kushukiwa, maana Ukuta akikaa nje, langoni anasimama yeye. Wasichana wawili tayari walikuwa wamemnong'oneza Inspekta kwamba Kifaranga hakulia Jumamosi. Alimkuta peke yake chumba cha kubadilishia nguo, anasugua glavu ambazo si zake.

"Za nani hizo?"

"Za Ukuta. Zilikuwa na matope." Aliendelea kusugua. "Wanasema sikulia. Nililia nyumbani. Hapa nikilia watasema najifanya, nisipolia watasema nimefurahi. Sasa nifanye nini, afande?"

Inspekta aliona hapo hana mshukiwa. Tena akawaza, mtu anayeitaka nafasi ya mwenzake angeomba mwenzake ashindwe kipimo. Aliyefanya hili alitaka Ukuta ashinde.

"Siku zile kabla hajarudishwa, uliona chochote?"

"Hapana. Ila alikuwa anaimba bafuni."

"Anaimba nini?"

"Si wimbo hasa. Anarudiarudia tu: karamu, ndoo, barua, shati, pete. Nikamwambia, shoga yangu, umeshapata mchumba? Maana ni kama harusi ile. Karamu, barua ya mwaliko, shati la bwana harusi, pete. Ndoo ndiyo sikuielewa." Karibu atabasamu, akakumbuka mambo, akaacha. "Akacheka akaniambia nisimwambie mtu."

Inspekta alisimama katikati ya chumba kile. Kumbe maneno hayakushikwa mle ndani ya kipimo. Msichana aliingia nayo kichwani tayari. Angekuwa ameyasikia kwa Dokta dakika chache nyuma akayashika, angesema kalamu. Alisema karamu kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni mtu ambaye kalamu kwake ni karamu. Walioyasikia maneno yale siku ya kwanza ni wachache mno.

Kocha alimpokea kwa mikono miwili.

"Kalibu, afande, kalibu! Kaa hapa. Mambo haya yametuvuluga kabisa, tangu Jumamosi sijala chakula kikashuka."

Inspekta alitega masikio. Wasichana walikuwa wamemwonjesha asubuhi ile ile, wakimwigiza Kocha wao: pigeni mpila, lusheni, ludini nyuma. Mtu wa R na L! Tena mtu aliyesimama mlangoni siku ya kwanza, na mwenye nusu fainali mkononi. Ilikuwa imebaki tu kumwambia asimame waende kituoni.

"Ulimtaka kipa wako arudi?"

"Nilimtaka, nitakataaje? Bila yule sisi tunafungwa kama mchezo. Kila siku nilimsumbua Dokta, lini, lini. Akanifukuza chumbani kwake mbele ya wachezaji, nikaona haya." Akashusha sauti. "Lakini ni mtoto wa mtu, afande. Ningejua kichwa hakijapona ningemfungia nje kwa kufuli."

"Siku ya kwanza ulisikia maneno aliyopewa?"

"Nilisikia, lakini ningeyashikaje mimi maneno? Nilikuwa natazama saa."

Inspekta akageuza daftari upande wa pili wa meza. "Nisomee haya mawili."

Kocha akasogeza uso. "Kalamu," alisoma. "Balua."

"Rudia."

"Kalamu. Balua. Kuna kosa, afande?"

Inspekta alifumba macho. Kosa lilikuwa lake. Kocha anageuza R kuwa L. Kalamu kwake haina R, inatoka safi kabisa, na kinachoharibika ni barua. Msichana angefundishwa na huyu, angesema kalamu, ndoo, balua. Naye alisema barua vizuri, akaharibu kalamu. Mwalimu wake anakwenda njia ya kinyume: R anaiweza, ila L ndiyo inayogeuka.

"Hakuna kosa, Kocha," alisema. "Kula chakula."

Alipofika kwenye gari hakuwasha. Alikaa na mikono juu ya usukani, na masikio yale yale ambayo wenzake wanayacheka yakamrudishia sauti ya asubuhi kwenye benchi la korido. Amerara, afande. Tangu juzi amerara. Alikuwa ameyasikia akadhani ni machozi. Kwa kawaida akifumbua fumbo husikia raha fulani, huagiza hata chai. Safari hii aliomba awe amekosea. Kisha akarudi chini ya majukwaa, akafungua mlango bila kubisha.

"Chukua begi lako," alimwambia Dokta. "Tunakwenda hospitali."

Dokta alilitupia begani.

Ilikuwa saa nane na kitu. Alimwacha Dokta kwenye kona ya korido, mahali ambapo mtu anasikia bila kuonekana, akaenda kuketi kando ya seremala. Muuguzi alikuwa ndani na mgonjwa. Dawa zilikuwa zimeshapunguzwa.

"Mzee, nimekuja utie sahihi maelezo yako." Akainua kalamu katikati yao, hakumkabidhi. "Hii inaitwaje?"

Baba alimshangaa. "Hiyo? Karamu."

"Na pale watu wanapokusanyika, wanapika, wanakula, wanashangilia. Panaitwaje?"

"Karamu," alisema baba. Na hapo akalisikia neno lake mwenyewe. Akalitamka tena polepole, akijaribu kulitenganisha na lile la kwanza, likakataa. Mikono yake ikaanguka mapajani.

Inspekta akairudisha kalamu mfukoni. Alikuwa na muda wote.

"Nani kakwambia?"

"Binti yako. Alimjibu Dokta kwa sauti yako."

Seremala aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Alipoanza kusema, alisema na sakafu.

"Mama yake aripofariki, huyu mtoto arinyamaza. Anakura, anarara, anakwenda shure, hasemi neno. Nikimwita anageuza macho tu. Siku moja mwarimu akampa gravu, akarudi nyumbani anacheka. Anacheka, afande! Nirijificha jikoni nikaria. Mpira ndio urionirudishia mwanangu. Sasa ariporudi siku ire anasema ameshindwa mara ya piri, mashindano hatacheza, akaingia chumbani akanyamaza. Nikaona yanarudi yare yare."

"Ukakumbuka maneno."

"Nirikuwa nimekaa pare pembeni, nitayasahauje? Ya siku ya kwanza ndiyo yariyonikaa, nikabahatisha yatarudi. Nikamtungia kihadithi. Kuna karamu, watu wananawa kwenye ndoo, inakuja barua, bwana harusi kavaa shati, anatoa pete. Tukawa tunakisema jioni tukiosha vyombo. Niridhani ni mtihani kama mitihani mingine, ya kuwatoa watoto wa watu."

"Lakini kichwa kilikuwa kinamuuma, Mzee. Hukujua?"

Inspekta alimwonea huruma mpaka akatamani kulifuta swali.

"Asubuhi arikuwa anajifunga kitambaa kichwani, anakaza," baba alisema. "Nirimwona. Akinisikia anakivua. Nami nikajifanya sikuona."

"Kisha ukaja kituoni kumshitaki Dokta."

"Kama si yeye, basi ni mimi." Aliinua uso, umelowa wote. "Nirishindwa kuwa mimi, afande. Nirishindwa."

Dokta alikuwa ametoka kwenye kona. Alisimama mbele yao na begi lake, na Inspekta alijiandaa kusimama katikati kama itabidi.

"Mimi nimekaa juu ya matofali siku zote hizi," alisema. "Nahesabu makosa yangu. Nasema labda sikuyaangalia macho vizuri, labda mkono wangu umezeeka, labda nimemuua mtoto. Na wewe ulikuwa unajua!"

"Niue tu, dada yangu."

"Nikuue ili iweje?" Sauti ilipanda, ikashuka yenyewe. Akaliweka begi chini. "Ungeniambia, Mzee. Ungekuja ukaniambia, mwanangu ananyamaza, mimi naogopa. Hiyo nayo ni kazi yangu. Unadhani nafunga vifundo peke yake? Ningemkalisha kwenye benchi na glavu zake mkononi, angemfundisha Kifaranga kudaka, angepiga kelele mpaka koo limkauke. Asingecheza, lakini asingenyamaza. Nimeshawafanyia wengi."

Baba alilia kwa sauti, kilio cha mwanaume ambaye hajazoea, kibaya kukisikiliza. Dokta alimtazama kwa muda, kisha akaketi upande wake wa pili, akamshika mkono uliojaa makovu ya randa. Hasira ilikuwa bado imemjaa usoni, lakini mkono hakuuachia.

Inspekta akakohoa. "Mzee, kuwadanganya polisi ni kosa, na mimi siwezi kulifumbia macho. Kesho asubuhi uje kituoni mwenyewe, uandike upya maelezo. Sikutumii gari wala askari. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Na kamati inakaa saa kumi."

Seremala alielewa. Akaomba simu, kwa kuwa yake ilikuwa imezima tangu Jumamosi, na Inspekta akampigia Kocha. Baba alisimama, kama mtu aliyeitwa mbele ya watu. "Kocha, mimi baba Ukuta. Waambie wenzako huyu dada hana hatia. Ariyemfundisha mtoto majibu ni mimi. Ariyemwona anaumwa akanyamaza ni mimi. Wakitaka nije niseme mbere yao, nakuja sasa hivi."

"Na mimi nitasema nilirudia maneno," Dokta aliongeza kwa sauti, Kocha asikie. "Wanipe onyo, nalistahili. Nisirudie tena."

Upande wa pili Kocha akasikika akipenga kamasi. "Nitawaambia," alisema. "Mzee, jikaze. Sote tunamwombea alejee."

Mlango wa kioo ukafunguliwa, muuguzi akachungulia. "Ameamka," alisema. "Mmoja mmoja, tafadhali, na msimchoshe."

Baba aliruka kutoka pale alipokuwa, akafika mlangoni, akashika kitasa. Hapo akasimama. Akageuka, akausukuma mlango, akaushikilia wazi.

"Tanguria wewe," alimwambia Dokta.

Dokta aliingia kwa ncha za vidole. Muuguzi alitazama uso wa baba, akaamua kutomzuia naye asiingie. Inspekta alibaki nje kwenye kioo, lakini mlango haukufungwa vizuri, na masikio yake ni yale yale.

Ukuta alikuwa mdogo sana kwenye kitanda kile. Macho yake yalizunguka darini, yakamwona mwanamke mwenye begi jekundu, yakatulia.

"Dokta."

"Naam, mama."

"Tumefungwa?"

"Hatujafungwa. Mechi itarudiwa. Wewe hutakuwemo." Dokta alilisema hilo taratibu lakini bila kulizungusha. "Unajua uko wapi?"

"Hospitali." Msichana alikunja uso kwa ajili ya mwanga, na Dokta akanyoosha mkono akavuta pazia. Kisha akainama karibu, akamuuliza swali alilomuuliza kila siku mazoezini.

"Kichwa kinauma?"

Msichana aligeuza macho. Yalimpita Dokta, yakamtafuta baba yake aliyesimama ukutani na viganja vimefunika mdomo. Baba akavishusha.

"Sema kweri, mwanangu," alisema. "Mimi sitanyamaza na wewe usinyamaze."

Chozi likateremka pembeni, likaingia sikioni.

"Kinauma, Dokta. Kinauma sana. Kilikuwa kinauma siku zote."

Dokta aliweka kiganja kwenye shavu la mtoto, akakiacha pale.

"Ahsante, mama," akasema. "Basi tunaanzia hapo."